Kuwapa Wakubwa Mgongo

Novemba 6

Nimefika Katwambo nikiwa na matope hadi magotini. Tangu Kolwezi pikipiki imeanguka mara mbili, na mara ya pili dereva aliniambia nishukuru, kwa sababu wiki iliyopita alimwangusha padri. Sanduku la mafunzo liko salama: mwanasesere wa mpira, barakoa za ukubwa mbalimbali, na ballon, ule mfuko wa kubana unaompa mtoto pumzi akiwa hawezi kupumua mwenyewe. Nitakaa hapa msimu wote wa mvua. Kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi saba wa vituo vya vijijini jinsi ya kumwokoa mtoto pale ambapo hakuna daktari, hakuna gari, na barabara imekatika. Yaani siku zote.

Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zinapita juu kabisa ya paa la kituo kwenda migodini. Sisi humu ndani tunatumia tochi. Nimeanza kukasirika hata kabla ya kufungua sanduku.

Novemba 9

Wauguzi wamempa mwanasesere jina. Anaitwa Tania, na tayari wanamgombeza anapoteleza mezani.

Nimewajaribu wote saba. Stany, kijana mwenye maneno mengi kuliko redio, anabana mfuko utadhani anajaza gurudumu la baiskeli. Wengine wanajitahidi. Lakini Jeanne ana mikono. Anatoka Mpalanga, kijiji cha ng'ambo ya mto, ambako ndiye muuguzi pekee. Alisimama kichwani pa mtoto, vidole vitatu vikainua mfupa wa taya, viwili vikakandamiza barakoa usoni, mkono wa pili ukabana. Kifua cha Tania kikapanda. Akaniangalia.

"Ni vile tu, mama?"

Nikamwambia ni vile tu. Akasema, "Basi bale batoto bote..." Hakumaliza, nami sikumuuliza ni watoto gani.

Novemba 10

Mvua mchana kutwa. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Novemba 17

Nimesema jambo moja hadi sauti imekauka: anayempa mtoto pumzi husimama kichwani. Si kando. Ukisimama kando mkono unachoka, taya linaanguka, ulimi unaziba koo, na hewa yote inatorokea shavuni. Unabana, unaona mfuko unajaa na kupungua, unadhani umefanya kazi, kumbe mtoto hapati chochote. Ukiwa kichwani unaona kifua chote, na mkono unavuta taya kuja kwako. Stany aliuliza kama mtu mwenye mikono mirefu anaweza kusamehewa. Wakacheka wote, nikacheka na mimi.

Desemba 2

Leo tumeonja matunda ya mafunzo. Mchimbaji mmoja alikuja mbio kutoka mashimoni, mtoto wake begani, amemfunika kwa shati lake mwenyewe. Mtoto alikuwa na degedege la malaria, kisha pumzi zikakatika. Stany ndiye aliyekuwa karibu. Aliacha maneno yake yote nje, akasimama kichwani, akabana. Jeanne akachoma sindano na kumpa sukari. Mtoto alizinduka na kitu cha kwanza alichofanya ni kumng'ata Stany kidole. Jioni hii Stany anamwonyesha kila mtu kidole hicho, na mpishi ameonyeshwa mara tatu.

Nilikuwa nimemwona ni mpuuzi. Naomba radhi hapa hapa, kwa sababu yeye mwenyewe sitamwambia, atavimba kichwa.

Desemba 5

Amekuja Tata Edouard, msimamizi kutoka ofisi ya zone, yaani wilaya ya afya. Ni mtu nadhifu, viatu vyake havina tope, sijui anapita wapi. Ameleta habari kwamba Desemba 14, hata kabla mafunzo hayajaisha, kutakuwa na sherehe. Atakuja mkubwa mmoja na msafara wake, watagawa vyeti, na wauguzi wataonyesha jinsi mtoto anavyookolewa. Niliposikia nilifurahi. Nikamwomba Jeanne aonyeshe pale uwanjani, mbele ya viti tupu, jinsi tunavyofanya. Jeanne akasimama kichwani pa Tania na kuanza kubana.

Tata Edouard akainua mkono. "Apana. Mama Wivine, iyi haiwezekane. Mukubwa ataikala pale, na uyu atamupatia mungongo? Kwetu mutu hapatiake mukubwa mungongo."

"Basi tugeuze meza," nikasema. "Atabaangalia bakubwa, na miguu ya mutoto itakuwa upande yao."

"Miguu mbele?" Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Mutu wa miguu mbele ni maiti, mama. Tunamubeba vile kwenda kumuzika. Unataka tumuonyeshe mukubwa maiti?"

Mwishowe akapanga mwenyewe. Meza ikawekwa sambamba na viti, Tania akalala chali, ubavu wake ukielekea viti, na Jeanne akasimama kando, miguu pamoja, uso kwa wakubwa wasiokuwapo. Nilimwambia Tata Edouard kwamba pale Jeanne aliposimama hawezi kumwokoa mtu.

"Ni mufano tu," akasema. "Iyi mutoto ya plastique haitakufa."

Alinikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba miguu yangu ni mizima, imetoka Kolwezi hadi hapa kwa matope. Lakini meza ilibaki vile alivyoiweka.

Desemba 8

Mazoezi ya sherehe, asubuhi yote. Wanaingia kwa mstari wakiimba, wanainama, wanasimama kando ya meza. Tania anaokolewa kutoka ubavuni. Mimi nashika miguu yake asiteleze, nikinung'unika. Hasira inayoishia kushika miguu ya mwanasesere ni hasira gani?

Desemba 14

Leo ndiyo ilikuwa iwe siku ya sherehe. Daraja limechukuliwa na maji. Wakubwa hawakuja. Imesogezwa hadi Januari.

Desemba 25

Misa kwa Wakatoliki, ibada kwa Wamethodisti, mvua kwa wote.

Januari 11

Mazoezi. Tata Edouard anakuja kila wiki sasa, na kila akija anaongeza kitu. Leo ameongeza tabasamu. Anayebana mfuko lazima atabasamu, ili wakubwa wasiogope. Jeanne ni mwepisi kujifunza, hilo ndilo tatizo lake. Akionyeshwa jambo mara moja, mikono yake hailisahau. Anaingia, anainama, miguu pamoja, kando, tabasamu, anabana. Tata Edouard anampigia makofi.

Mchana nikiwafundisha chumbani nawarudisha kichwani pa mtoto. Wanarudi. Asubuhi inayofuata wanatolewa tena. Nimekuwa mtu anayefagia huku mwenzake anamwaga.

Januari 18

Sherehe imesogezwa. Mkubwa amesafiri. Watu walikuwa wamekwisha kupika. Tumekula chakula cha wakubwa, mbuzi mzima, na sitadanganya, alikuwa mtamu.

Januari 23

Malori ya madini yanayokwenda upande wa Dilolo yamekwama barabarani, mstari mrefu hadi kilimani. Madereva wanalala chini ya malori na akina mama wanawauzia uyoga. Watoto wana homa. Tumepokea wengi kuliko vitanda, wanalala wawiliwawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

Januari 30

Mazoezi. Mvua. Mazoezi.

Februari 11

Naandika kwa tochi, sitalala.

Leo niliitwa Kolwezi kwenye mkutano wa sherehe. Sherehe ile ile. Asubuhi yote watu wazima walikaa wakijadili kitenge cha sare, kiwe cha kijani au cha buluu. Tata Edouard alitaka buluu. Mama mmoja wa ofisini alisema buluu itaonekana ya maombolezo. Nilisema ninao watoto wagonjwa, naomba kuondoka. Wakaniambia nikae, sauti yangu inahitajika. Nikasema buluu. Nikapanda pikipiki, nikalowa kabla hata hatujatoka mjini.

Nilipofika, Mama Joyeuse alikuwa nje ya mlango, kwenye mvua, mikono kichwani. Anauza uyoga kwa madereva wa malori. Namjua, na binti yake Shekina namjua zaidi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuja dirishani wakati wa darasa na kuuliza mtoto Tania amepona au bado. Ana miaka minne. Alikuwa na miaka minne.

Nilifungua mlango. Jeanne, Stany na mwenzao mmoja walikuwa wamesimama upande mmoja wa meza, bega kwa bega, nyuso zao zikinitazama mimi niliyeingia. Kama kwaya. Kichwani pa mtoto hapakuwa na mtu. Jeanne alikuwa anabana mfuko kwa mkono wa kulia, kushoto ameshika barakoa kutoka kando, na hata kutoka mlangoni nilisikia hewa ikivuma shavuni mwa Shekina na kutoka nje.

Nilimsukuma Stany. Nilikwenda kichwani, nikavuta taya, nikabana. Kifua kikapanda palepale, vizuri, kama kinavyotakiwa. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kunyamaza. Nilibonyeza kifua, nikabana, nikabonyeza. Niliendelea hadi Jeanne aliponishika mkono na kuuondoa, kwa upole, kidole kimoja baada ya kingine.

Kila kitu kingine walikifanya sawa. Hilo ndilo linaloniua. Degedege lilipoanza walimpa dawa ya kulizuia, kipimo sahihi. Walimpa sukari. Dawa ile wakati mwingine hupunguza pumzi kwa muda, na kwa muda huo tu mtu anampumulia mtoto kwa mfuko mpaka azinduke. Nimewafundisha hayo. Wanayajua. Mfuko ulikuwapo, barakoa ilikuwa ya ukubwa wake.

Baada ya Mama Joyeuse kumchukua mwanawe nilimgeukia Jeanne. Sikuwa na huruma, sina hata sasa.

"Ulisimama wapi?"

"Mama, nilibana. Tangu pumzi ilianza kupunguka, mi nilibana."

"Nakuuliza ulisimama wapi."

Aliangalia miguu yake. Bado alikuwa kando ya meza, miguu pamoja.

"Nilisimama fasi tunasimamaka," akasema.

Februari 12

Tumemzika Shekina. Udongo ulikuwa mzito, majembe yalikuwa yananata. Mama Joyeuse hakulia. Alinishukuru kwa kuja, na afadhali angenipiga kofi.

Tata Edouard alikuja na unga kwa ajili ya matanga, akakaa na wanaume, akaimba. Nilimngoja njiani. Nilimwambia kwa maneno ya wazi kwamba mtoto huyu amekufa kwa ajili ya mazoezi yake. Nilitegemea abishe. Alivua kofia.

"Najua," akasema. "Stany aliniambia." Kisha akasema, "Mama, unilaumu, ni aki yako. Lakini kuna kituo moja, muuguzi alimucheka mukubwa wakati ya discours, wakati anahutubia. Ile kituo haikupata dawa mwaka muzima. Batoto ba kule balikufa pia, na hakuna mutu alilaumu protocole, ile desturi ya kupokea bakubwa. Weye utarudia Kolwezi. Shiye tutabakia na bale bakubwa."

Nilikuwa nimemwona ni mtu wa viatu tu. Sasa nimeona kwamba ni mwoga, na kwamba woga wake una sababu. Hilo halikunipunguzia hasira. Imepanda zaidi, kwa sababu sasa imewafikia na wale walio juu yake, na wao siwezi kuwangoja njiani.

Februari 15

Nimemwandama Tata Edouard abadilishe meza. Amekataa. Anasema ni siku moja tu, muda mfupi tu, halafu kila mtu ataendelea kufanya ipasavyo. Nikamwambia mikono haijui ipi ni siku ya sherehe na ipi ni siku ya Shekina. Akasema nikiendelea, maonyesho watapewa wauguzi wa kituo kingine, na hawa saba wataondoka bila vyeti.

Niliwaambia wauguzi wachague wenyewe. Nilikuwa na hakika ya jibu.

Jeanne akasema, "Mi nitafanya. Vile tata anataka."

Februari 19

Mazoezi. Jeanne anaingia, anainama, kando, tabasamu. Juma moja tu tangu tumzike yule mtoto. Sisemi naye. Nikitaka chumvi mezani namwomba Stany, ambaye anaipokea kutoka kwa Jeanne na kunipa mimi, na anapenda sana kazi hii.

Februari 22

Imesogezwa tena. Sasa ni Machi 16. Mvua haina haya na wakubwa hawana haya.

Machi 3

Jambo la ajabu. Kila alasiri, watu wakilala, nasikia sauti chumbani. Leo nilichungulia. Jeanne alikuwa na Tania mezani, peke yake. Anasimama kando, miguu pamoja, halafu anatembea kwenda kichwani na kubana. Anarudi kando. Anatembea tena. Hakuwa anafanya mazoezi ya kubana. Alikuwa anafanya mazoezi ya kutembea. Nikaondoka bila kukohoa.

Machi 4

Leo nilimwomba Jeanne chumvi mwenyewe. Stany amekasirika, amepoteza kazi.

Machi 16

Nitaandika yote, maana kesho watu watasimulia vingine.

Mkubwa alikuja, pamoja na msafara wa magari hata uwanja ukajaa. Hema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, fanfare ya shule, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma. Kituo kilifungwa tangu asubuhi ili pawe safi. Akina mama waliokuja na watoto wagonjwa waliambiwa wasubiri nyuma ya kamba, pamoja na watu wengine, na wapige makofi wakionyeshwa ishara. Nilipoona kamba ile nilihisi damu imenipanda machoni. Nilikwenda kwa Tata Edouard kumwambia kuna wagonjwa pale. Akanisihi, "Discours mbili tu, mama."

Zilikuwa tano.

Hotuba ya tatu ilipoanza nilishindwa kukaa. Nilipita kwenye kamba, mama mmoja baada ya mwingine, nikifunua vitenge na kutazama watoto. Homa. Homa. Kikohozi. Akina mama walinishangaa, wengine walidhani ni sehemu ya sherehe. Jeanne na wenzake walikuwa wakati huo wameingia kwa wimbo, wameinama, wamejipanga kando ya meza, na Tania amelala, ubavu wake kwa wakubwa.

Karibu na mwisho wa kamba alikuwapo bibi mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni, amemfunika vizuri kwa ajili ya jua. "Amelala," akaniambia. "Alikuwa analia sana, sasa amelala." Nilimfunua. Mdomo ulikuwa wa kijivu. Alivuta pumzi moja, kisha nikasubiri nyingine, na haikuja.

Nilimpokonya. Sikuomba. Mfuko ulikuwapo mmoja tu, pale mezani mbele ya hema, kwa hiyo nilikimbia huko, nikipita katikati ya uwanja, na mwenye kipaza sauti akanyamaza katikati ya neno. Nilimsukuma Tania, akaanguka chini. Nikamweka mtoto mezani vile mikono ilivyomshika, bila kufikiri, akakingama, na kichwa chake kikaelekea hemani, kwenye viti vya wakubwa.

Jeanne alikuwa kando, miguu pamoja, tabasamu bado usoni. Nilifungua mdomo nimpigie kelele. Sikuhitaji. Alitembea. Alizunguka meza, akapita kati yake na viti vya mbele, karibu sana hata kitenge chake kiligusa magoti ya watu, akasimama kichwani pa mtoto. Mgongo wake wote ulikuwa kwa mkubwa.

Nilimsikia Tata Edouard akisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba, "Jeanne. Mungongo. Jeanne."

"Stany, sukari," Jeanne akasema. "Mama, sikiliza moyo."

Moyo ulikuwapo, mdogo, wa haraka. Jeanne akavuta taya, akabana, kifua kikapanda. Akabana tena. Nikaona wauguzi wengine wakiondoka kando, mmoja mmoja, kila mtu akichukua mahali ambapo kazi ilimhitaji, mpaka tukawa tumemzunguka mtoto pande zote na wakubwa hawakuona kitu isipokuwa migongo ya kitenge cha buluu.

Basi wakapiga makofi. Nasema kweli. Walidhani ndiyo maonyesho. Mtu mmoja kwenye viti vya mbele alisema kwa Kifaransa kwamba ni ya kusisimua, na fanfare ikaamini ndiyo ishara yake, ikaanza kupiga. Bibi wa mtoto alikuwa ameshikiliwa na askari nyuma ya kamba, na alikuwa analia kwa sauti, na fanfare ilikuwa inamfunika. Sijawahi kuchukia muziki namna ile.

Mtoto alilia wakati tarumbeta zikiwa bado zinapiga. Jina lake ni Ariel. Paroko, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akatoa gari lake, Stany akaenda na mtoto hadi Kolwezi, mfuko mkononi. Ametuma ujumbe jioni hii: mtoto ananyonya.

Vyeti viligawiwa. Zamu ya Jeanne ilipofika, jina lake lilirukwa.

Machi 20

Imekuja karatasi ya ofisini, demande d'explication. Jeanne aeleze kwa maandishi, kabla ya wiki kwisha, kwa nini alimpa mgeni wa heshima mgongo mbele ya umma. Tata Edouard aliileta mwenyewe na hakukaa. Viatu vyake leo vilikuwa na tope.

Nilimwandikia Jeanne jibu. Kurasa mbili. Nilimtaja Shekina, nilitaja kamba, nilitaja hotuba tano, nilitaja kitenge. Jeanne alisoma yote kwa subira.

"Ni muzuri, mama. Lakini iyi ni asira yako."

Akachukua karatasi nyingine, akaandika sentensi moja kwa Kifaransa chake cha shule, kwamba alisimama upande uliokuwa na kichwa cha mtoto. Akatia sahihi. Stany, ambaye hakuna aliyemwomba maelezo, amepeleka ya kwake pia. Ameandika kwamba yeye vilevile alimpa mkubwa mgongo na anaomba isisahauliwe.

Machi 27

Jeanne amesimamishwa kazi hadi itakapoamuliwa vingine. Sababu iliyoandikwa ni utovu wa nidhamu. Hakuna muuguzi wa kwenda mahali pake Mpalanga, kwa hiyo kituo, kilichokuwa kikimsubiri amalize mafunzo, kitafungwa kabisa. Nimeuliza ofisini nani aliyefikiria hilo. Wamenijibu kwamba swali langu litapelekwa.

Aprili 2

Wauguzi wamerudi kwao. Nimefunga sanduku. Nimetoa ballon na barakoa zake, nimezitia kwenye mkoba wangu. Ofisini nitasema zimepotea. Sikuomba ruhusa na siombi.

Aprili 14

Nimekwenda Mpalanga. Mvua zinakwisha, mto unavukika.

Kituo kina kufuli kubwa, jipya, zuri kuliko kitu kingine chochote kwenye jengo lile. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akina mama wote walikuwa upande wa pili wa njia, nyumbani kwa Jeanne, wamekaa chini wakisubiri. Mume wake, Tata Mbuyu, alinipokea akiwa na bakuli mkononi, anakula amesimama.

"Unisamee, mama, siwezi kukupatia fasi ya kukula," akasema. "Meza yetu, muke wangu aliitosha inje. Sasa tunakulaka chini kama bageni ba kilio."

Hakuwa amekasirika sana. Aliniambia pia kwamba Tata Edouard alipita wiki iliyopita, aliona kila kitu, aliomba maji ya kunywa, akaenda zake bila kuandika neno.

Meza ya kulia chakula ilikuwa katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta, mtu aweze kuizunguka anavyotaka. Juu yake alikuwa amelala msichana mdogo mwenye homa, na Jeanne alikuwa amesimama kichwani pake. Hakunisalimia.

"Mama, ballon iko?"

"Iko."

"Kuya uku kwangu, basi."

Nikanawa mikono, nikaenda kusimama karibu naye. Msichana alikuwa bado anapumua mwenyewe, haraka haraka, na nilikuwa nimeshika mfuko tayari. Tulimwangalia kifua kikipanda na kushuka, sisi wawili, na kituo chenye kufuli kilikuwa nyuma ya migongo yetu.